Habari za Maisha ya Bwana Berzelius, Mwana-Elimu wa Uswidi

Wengi wetu tuliisikia nchi ya Uswidi kwanza kwa ajili ya wamisionari waliotoka huko. Leo twataka kuwaeleza habari za mtu mwingine wa nchi hiyo, ambaye hakuvuka bahari kuja kwetu wala hakuwa mhubiri. Jina lake ni Jöns Jacob Berzelius. Alikufa zamani, katika mwaka wa 1848, lakini kila kiwanda kikubwa cha mbolea na cha kusafishia mafuta ya petroli hulitumia jambo ambalo yeye ndiye aliyelipa jina. Jambo hilo kwa lugha za Ulaya laitwa katalisi, na kitu kinacholifanya sisi twakiita kichocheo.

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la vitu vingine, na badiliko likiisha chenyewe hakikuliwa ndani yake. Fikirini habari za mshenga. Huwaleta pamoja watu wa nyumba mbili, arusi hufungwa, naye huenda zake kutafuta kazi nyingine ya namna ile ile. Watu wa arusi hubadilika hali, mshenga habadiliki. Lakini mshenga alisema nini katika mazungumzo yale, na aliketi karibu na nani? Mtu aliyefika baada ya arusi hawezi kuyajua hayo kwa kumtazama mshenga akienda kwao. Swali la namna hiyo ndilo lililomshinda Berzelius, nalo halikuanza kujibiwa vema ila muda mrefu baada ya kifo chake, kwa nuru ya eksirei.

Berzelius alizaliwa tarehe 20 Agosti 1779 katika kijiji cha Väversunda, upande wa kusini wa Uswidi. Wazee wake walikuwa watu wa kanisa na wa shule. Baba yake alikuwa mwalimu katika mji wa Linköping, naye akafa mtoto alipokuwa na umri wa miaka minne tu. Mama akaolewa na mchungaji mmoja, Anders Ekmarck wa Norrköping. Kisha mama naye akafa, na mtoto hajatimiza miaka kumi. Ekmarck alimlea pamoja na watoto wake mwenyewe, akiwatembeza nje na kuwaonyesha maua na wadudu, kila kimoja na jina lake. Lakini mchungaji huyo alipooa tena, Jöns akapelekwa kwa mjomba wake, na katika nyumba ile hakuona raha.

Katika shule ya Linköping alipenda kuwinda ndege na kukusanya wadudu kuliko kukaa darasani. Masomo ya Kiebrania aliyakimbia mara nyingi, hata alipomaliza shule walimu wakamwandikia cheti kisemacho kwamba matumaini juu yake ni ya mashaka. Sisi tuliokaa seminarini mbele ya vitenzi vya Kiebrania hatuwezi kumlaumu mno. Nao walimu wale, twafikiri, wangalipenda baadaye kurudishiwa cheti kile wakiandike upya.

Mwaka 1796 akaenda Uppsala kusoma udaktari. Fedha hakuwa nazo. Ilimpasa kuacha masomo kwa muda na kufundisha watoto wa watu ili apate riziki. Hapo ndipo alipoanza kuipenda kemia, yaani elimu ya vitu vyote jinsi vinavyoungana na kuachana. Mwaka 1800 Volta wa Italia alitangaza chombo chake cha kutoa umeme. Berzelius akajitengenezea cha kwake kwa mabamba ya zinki na sarafu za shaba, akajaribu kama umeme waweza kuwaponya wagonjwa. Kwa sehemu kubwa wagonjwa hawakupata nafuu, naye akaandika hivyo hivyo bila kupamba, akapewa shahada yake mwaka 1802.

Akahamia Stockholm, akawa daktari wa maskini. Mshahara ulikuwa mdogo. Akaingia katika biashara ya maji ya madini pamoja na wenziwe, na biashara hiyo ikamwachia deni lililomsumbua kwa miaka mingi. Lakini alikaa katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye migodi, Wilhelm Hisinger, aliyependa elimu. Mwaka 1803 wawili hawa walichunguza jiwe zito lililotoka katika mgodi wa Bastnäs, wakagundua ndani yake elementi mpya, wakaiita seriamu. Mwaka ule ule Klaproth wa Ujerumani naye aliigundua peke yake. Wasomaji waikumbuke seriamu hiyo, maana tutarudi kwake.

Mwaka 1807 akafanywa profesa, na mwaka 1818 akawa katibu wa Chuo cha Elimu cha Kifalme, kazi aliyoishika mpaka kufa. Wageni waliokwenda kumtazama walidhani wataona jumba lenye vyombo vya ajabu. Friedrich Wöhler, kijana wa Kijerumani aliyekuja kujifunza kwake mwaka 1823, alikuta vyumba viwili vya kawaida visivyo na tanuri kubwa wala bomba la maji. Katika jiko lililokuwa kando, mtumishi wake Anna Sundström alipika chakula cha bwana, na hapo hapo ilikuwapo tanuri ndogo na sinia ya mchanga wenye moto daima kwa kazi ya elimu. Anna huyu ndiye aliyeosha vyombo na kuvitunza, naye alivijua kuliko wanafunzi wengi. Siku moja alisema kwamba chombo fulani kina harufu ya ile hewa kali, akaitaja kwa jina lake refu la zamani. Bwana wake akamwambia kwamba tangu sasa aseme klorini, maana ni bora. Neno dogo, tena la jikoni! Lakini Berzelius alikuwa ameshindana miaka mingi na wale waliosema kwamba klorini ni elementi, na kwa neno lile Wöhler akajua kwamba mzee amekubali.

Katika vyumba hivyo alipima. Kwa muda wa miaka kama kumi alipima vitu vilivyoungana vipatavyo 2,000, ili ajue uzito wa atomi za kila elementi ukilinganishwa na wa nyingine. Hesabu zake nyingi zakaribia sana zile zitumikazo leo. Alama tuzionazo katika vitabu vya watoto wetu wa shule, O kwa oksijeni, Fe kwa chuma, Cu kwa shaba, ni kazi yake ya miaka ya 1813 na 1814. Aligundua seleniamu mwaka 1817 na thoriamu baadaye, akaitenga silikoni.

Juu ya seleniamu twataka kusema kidogo zaidi. Berzelius alikuwa na sehemu katika kiwanda cha Gripsholm, kilichotengeneza asidi ya salfuriki katika vyumba vilivyofunikwa kwa risasi. Seleniamu ilionekana katika tope jekundu lililobaki chini ya vyumba vile. Sasa, katika vyumba hivyo moshi wa salfa huungana na oksijeni kwa msaada wa hewa nyingine yenye naitrojeni, nayo hewa hiyo hupokea oksijeni, huitoa, na kupokea tena. Hicho ni kichocheo kitupu. Basi mtu huyu alikuwa mwenye kiwanda cha kichocheo karibu miaka ishirini kabla ya kulitunga jina la jambo lenyewe.

Kuanzia mwaka 1821 kila mwaka ilimpasa kukipa Chuo taarifa ya yote yaliyogunduliwa katika elimu yake, nchi zote. Kazi hiyo ingaliwachosha watu kumi. Lakini mwenye kusoma yote huona yasiyoonwa na mwenye kusoma moja moja, na katika taarifa ya mwaka 1835 akaweka pamoja mambo ambayo wenziwe waliyatazama mbalimbali.

Karibu na mwaka 1811 Kirchhoff, katika mji wa St. Petersburg huko Urusi, alikuwa amechemsha wanga katika maji yenye asidi kidogo. Wanga ukawa sukari, na asidi ikapatikana yote, haikupungua. Humphry Davy wa Uingereza aliona mwaka 1817 kwamba uzi wa platini, madini ya thamani kama dhahabu, ukitiwa katika hewa iwakayo iliyochanganyika na hewa ya kawaida, wang'aa kwa moto bila mwali, wala platini haiungui. Thénard wa Ufaransa alivumbua mwaka 1818 maji yenye oksijeni ya ziada, akaona kwamba yakigusana na fedha au platini au dhahabu hutoa ile ziada kwa kishindo. Mwaka 1823 Döbereiner wa Jena aliielekeza haidrojeni juu ya platini iliyo laini kama sifongo, nayo ikawaka papo hapo. Watu wakatengeneza taa za kuwashia moto kwa njia hiyo, zikauzwa kabla viberiti havijaenea. Na Mitscherlich, aliyekuwa mwanafunzi wa Berzelius mwenyewe, alionyesha mwaka 1834 jinsi asidi ya salfuriki inavyogeuza spiriti kuwa etha.

Berzelius akasema kwamba haya yote ni jambo moja. Iko nguvu ambayo kwayo kitu, kwa kuwapo kwake tu, huamsha vitu vingine viungane au viachane, nacho chenyewe hakiingii katika muungano ule. Akaiita nguvu ya kikatalisi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Akaongeza neno ambalo twaona ni kubwa kuliko yote. Alidhani kwamba katika miili ya mimea na wanyama mambo ya namna hiyo hutendeka kwa maelfu, damu moja au utomvu mmoja ukitoa vitu vya namna nyingi. Alitoa mfano wa kiazi, ambamo kitu kigeuzacho wanga kuwa sukari hukaa karibu na macho, pale machipukizi yatakapotokea. Katika hilo alisema kweli. Vimeng'enya vya mwili, kama vile vya mate na vya tumbo, ni vichocheo, na hata hamira ya mikate hufanya kazi kwa vimeng'enya vilivyo ndani yake.

Lakini nguvu hiyo ni nini? Alikiri kwamba hajui. Alisema kwamba jina ni la kufupisha maneno tu mpaka watu wajue zaidi, wala halikusudiwi kuwa maelezo. Hapo Justus von Liebig wa Ujerumani, aliyekuwa rafiki yake, akamshambulia. Alisema kwamba kulipa jina jambo lisilojulikana ni kuwafanya watu wadhani wamelijua, na hivyo waache kulitafuta. Urafiki wao ukaharibika kwa ajili ya mambo haya na mengine. Kwa maoni yetu shtaka la Liebig halikuwa la bure, maana kila mmoja wetu amekutana na mtu anayejibu swali gumu kwa neno la kigeni. Lakini Berzelius alikuwa ameandika ukiri wake wazi pamoja na jina, na mambo yaliyotawanyika hayawezi kuulizwa swali moja mpaka yamekusanywa chini ya jina moja. Katika jambo hili twasimama upande wake. Katika mengine hatuwezi: Dumas wa Ufaransa alipoonyesha kwamba klorini yaweza kukaa mahali pa haidrojeni katika vitu vitokavyo katika miili hai, mzee alikataa mpaka mwisho, akitunga maelezo juu ya maelezo, hata vijana wakaacha kumsikiliza.

Mwaka ule wa 1835 ulikuwa mkubwa kwake kwa njia nyingine pia. Akiwa na umri wa miaka 56 alimwoa Elisabeth Poppius, binti wa miaka 24, na Mfalme Karl XIV Johan akamfanya mtu wa daraja la baroni. Anna akaondoka katika nyumba ile mwaka uliofuata. Berzelius alikuwa ameumwa na kichwa kwa ukali maisha yake yote, na miaka ya mwisho mwili ulidhoofika. Akafa Stockholm tarehe 7 Agosti 1848, akazikwa Solna, nje kidogo ya mji.

Swali lake likabaki. Tazameni shida ilikuwa wapi. Chombo chake kikuu kilikuwa mizani. Kwa mizani aliweza kupima platini kabla ya kazi na baada ya kazi, akakuta uzito ule ule. Lakini mizani haisemi neno juu ya katikati. Hata waliomfuata, walipopata vyombo vizuri zaidi, ilikuwa desturi yao kukitoa kichocheo katika tanuri, kukipoza, kukisafisha, na kukiweka mahali pasipo na hewa kabisa ndipo wakitazame. Ni kama kutaka kujua mapishi ya mtu kwa kuichungulia sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Mwaka 1895 Röntgen aligundua nuru ya eksirei, ambayo sisi twaijua hospitalini kwa sababu ya mifupa. Baada yake Moseley wa Uingereza, mwaka 1913, alionyesha kwamba kila elementi ina eksirei zake, kama mtu alivyo na sauti yake. Na Mswidi mwingine, Manne Siegbahn, akaipima elimu hiyo kwa uangalifu mwingi huko Lund na Uppsala, hata akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Elimu hiyo yaitwa spektroskopia ya eksirei.

Kazi yake yaweza kuelezwa hivi. Eksirei huwa na nguvu za viwango mbalimbali, na kila elementi ina kiwango chake. Eksirei iliyo chini ya kiwango hicho hupita kwa wepesi. Ikifika hapo, atomi huimeza. Kwa hiyo yawezekana kuiuliza shaba peke yake habari zake, hata ikiwa imechanganyika na vitu kumi. Tena, shaba ikiwa imeungana na oksijeni, kiwango chake husogea kidogo, na mwenye kupima hujua kwamba imevaa oksijeni au imeivua. Na juu kidogo ya kiwango hicho huonekana mawimbi madogo-madogo yatokanayo na atomi zilizo jirani. Wana-elimu wa Marekani walionyesha mwaka 1971 jinsi ya kuyasoma mawimbi hayo ili kujua majirani ni wangapi na wako umbali gani.

Jambo la kufurahisha ni kwamba eksirei zenye nguvu hupenya hewa na ukuta mwembamba. Basi hakuna haja ya kukitoa kichocheo katika kazi yake. Wana-elimu wa Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikitia kichocheo cha shaba katika bomba la kioo jembamba sana, wakalipasha moto, wakapitisha hewa za kazi ndani yake, na eksirei zikapita katikati. Kichocheo hicho hutumika kutengeneza spiriti ya methanoli. Kikiwa kibichi, shaba yake imeungana na oksijeni. Kikipata moto na haidrojeni hugeuka kuwa shaba tupu, na ndiyo inayofanya kazi. Kikitolewa nje penye hewa, huvaa oksijeni tena. Aliyekitazama kabla na baada angalitoa ushahidi wa uongo mara mbili, wala asijue.

Siku hizi wana-elimu hupima pia hewa zitokazo mwisho wa bomba, ili waone kwa wakati mmoja hali ya kichocheo na kiasi cha kazi yake. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 waliipa njia hiyo jina la operando, neno la Kilatini lenye maana ya kufanya kazi. Njia hii ina udhaifu wake. Eksirei huhesabu atomi zote pamoja, zilizo kazini na zilizo wavivu. Na nuru ikiwa kali mno yaweza yenyewe kukibadilisha kitu kinachotazamwa. Nuru kali namna hiyo hutoka katika mitambo mikubwa ya duara, na mmojawapo ulifunguliwa mwaka 2016 huko Lund, Uswidi, jina lake MAX IV, wenye mahali maalumu pa kazi hii.

Sasa turudi kwa seriamu, ile ya jiwe la Bastnäs. Katika bomba la moshi la motokaa nyingi za petroli mna kichocheo cha kusafishia moshi wenye sumu, na ndani yake mna seriamu iliyoungana na oksijeni. Kwa eksirei imeonekana jinsi seriamu hiyo inavyoweka oksijeni moshi unapokuwa nayo nyingi, na kuitoa unapopungukiwa, ikigeuka hali yake kwenda na kurudi mbele ya macho ya mpimaji, motokaa ikiwa kama inakwenda.

Hata mbolea ya chumvichumvi tuitiayo mahindi ina habari hii. Amonia ya kuitengenezea hupatikana kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni juu ya kichocheo cha chuma, kazi iliyoanza kiwandani Ujerumani mwaka 1913. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walibishana juu ya hali ya uso wa chuma hicho wakati wa kazi: je, ni chuma kitupu, au kimevaa naitrojeni, au oksijeni? Mwaka 1835 Berzelius alikuwa amesoma taarifa yake katika mji wa Stockholm akikiri kwamba hajui. Mwaka 2024 watu wa Chuo Kikuu cha Stockholm walitangaza kwamba wameutazama uso huo kwa eksirei huko Hamburg, amonia ikiwa inatoka, nao wakaona ni chuma kitupu. Mgandamizo katika jaribio lao ulifika kiasi cha ule wa hewa tuvutayo. Katika viwanda hupita huo zaidi ya mara 100.